Mpangaji alilipa au hakulipa? Kuhusu "eut payé" na "eût payé"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninatafsiri nyaraka za kisheria kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili hapa Arusha. Kifaransa changu nilikiokota kazini, sikukisomea darasani kwa mpango. Sasa nimekwama kwenye hukumu ya zamani ya kesi ya nyumba. Sentensi zinazonisumbua ni hizi:

(a) Bien que le locataire eût payé les deux premiers termes, le bailleur fit changer la serrure.
(b) Eût-il payé le troisième, le bail se fût poursuivi de plein droit.
(c) Après que l'huissier eut dressé le constat, le locataire saisit le tribunal.
(d) Le bailleur contesta que la serrure eût été changée avant que l'épouse du locataire fût partie.

Mwenzangu ofisini anasema huo wakati unaitwa "plus-que-parfait du subjonctif", kwamba kila kitenzi kina maumbo yake sita ya kukariri, na kwa vile siku hizi hakuna anayeutumia, nitafsiri tu kama wakati uliopita. Nimefungua jedwali la vitenzi nikaona "eussions" na "eussiez", nikafunga. Je, nivikariri vyote? Na ile kofia juu ya u ina kazi gani, au ni pambo? Zaidi ya yote: mpangaji huyu alilipa au hakulipa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye uzito. Mpangaji alilipa awamu mbili za kwanza, ya tatu hakulipa. Hayo yamo humo humo kwenye sentensi zako. Ukifuata ushauri wa mwenzako, (b) itatoka "alilipa ya tatu", na atakayesoma tafsiri yako atabaki anajiuliza hao watu walikwenda mahakamani kugombea nini.

Jina la wakati huo mwenzako amelipatia, isipokuwa kwenye (c), ambayo tutaifikia. Subjonctif ni hali ya kitenzi ambayo maneno fulani huilazimisha, na plus-que-parfait ni wakati wa tendo lililokuwa limekwisha. Alipopotoka ni kwenye hayo mengine mawili: kwamba kuna rundo la kukariri, na kwamba maana yake ni moja tu. Ukweli umekaa kinyume. Umbo ni jepesi mno, maana ndiyo yenye mitego.

Tuanze na umbo. Katika Kiswahili tunasema "alikuwa amelipa". "Alikuwa" linatuweka kwenye wakati, "amelipa" linasema tendo limekwisha. Kifaransa nacho kinagawa kazi vivyo hivyo: kitenzi kisaidizi mbele, kisha kitenzi chenyewe katika umbo la "participe passé", yaani payé, fini, vendu, parti. Kinachobadilika kwa nafsi ni kile kisaidizi. Na visaidizi ni viwili tu katika lugha nzima, "avoir" na "être". Kwa hiyo ukishajua mistari kumi na miwili ifuatayo, umemaliza vitenzi vyote vya Kifaransa, hata usivyowahi kukutana navyo.

Kwa avoir:
que j'eusse payé
que tu eusses payé
qu'il eût payé
que nous eussions payé
que vous eussiez payé
qu'ils eussent payé

Kwa être:
que je fusse parti
que tu fusses parti
qu'il fût parti
que nous fussions partis
que vous fussiez partis
qu'ils fussent partis

Hata hiyo kumi na miwili haihitaji kukaririwa kama kasuku. Chukua nafsi ya pili umoja ya "passé simple", wakati uliopita wa kusimulia: tu eus, tu fus. Bandika -se, -ses, -sions, -siez, -sent. Umepata zote isipokuwa nafsi ya tatu umoja, ambayo haichukui "ss" bali huvaa kofia na t: eût, fût. Na kwenye hukumu, mikataba na riwaya, hiyo nafsi ya tatu ndiyo utakayoiona karibu kila mara, kwa sababu hukumu humzungumzia yeye na wao. "Eussiez" iliyokutisha huenda usikutane nayo tena mpaka ustaafu.

Kwa être kuna jambo moja la ziada: participe passé hufuata jinsia na idadi ya mtenda. Ndiyo maana (d) ina "fût partie" yenye e mwishoni, kwa kuwa aliyeondoka ni mke. Vitenzi vinavyochukua être ni vya kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuingia, kutoka, kubaki, kuanguka, kuzaliwa, kufa na ndugu zake wachache, pamoja na vyote vyenye "se". Katika mikataba utakutana sana na kitu kama "bien que les parties se fussent mises d'accord", ingawa pande zote zilikuwa zimeafikiana. "Parties" ni jina la kike kwa Kifaransa, basi "mises", hata kama waliotia saini ni wanaume watupu wenye ndevu.

Sasa kofia. Si pambo hata kidogo. Zamani maneno hayo yaliandikwa "eust" na "fust", na ile s ilipoacha kutamkwa waandishi waliendelea kuibeba kwa karne kadhaa. Kamusi ya Académie française, toleo la mwaka 1740, ndiyo iliyofuta s nyingi za namna hiyo na kuacha kofia mahali pake, kama ilivyokuwa kwa "forest" kuwa "forêt". Marekebisho ya tahajia ya mwaka 1990 yaliondoa kofia nyingi juu ya i na u, lakini hii hayakuigusa, kwa sababu ukiiondoa maana inageuka. "Eut payé" bila kofia ni wakati mwingine kabisa, "passé antérieur", nao unasimulia jambo lililotokea kweli: alipokwisha kulipa. Sentensi yako (c) ni ya huko. Huissier, yaani afisa wa mahakama, aliandika taarifa ya ukaguzi, akamaliza, ndipo mpangaji akafungua kesi. Hakuna shaka wala sharti ndani yake.

Tatizo ni kwamba masikioni "eut" na "eût" ni kitu kimoja, sauti ileile ya u ya Kifaransa. Kwa hiyo hata mwandishi mwenyewe huweza kukosea, na hukosea. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni kuigeuza sentensi iwe wingi. Wingi wa "eut payé" ni "eurent payé", wingi wa "eût payé" ni "eussent payé". Hizo mbili hazifanani hata kwa asiyesikia vizuri. Sema "bien que les locataires eurent payé" mbele ya mtu anayejua Kifaransa na utamwona anakunja uso. Sema "eussent payé" na atakuelewa. Kwa "fut" na "fût" fanya hivyohivyo: furent au fussent.

Angalia mtego mdogo hapo: kanuni ya kofia ni ya nafsi ya tatu umoja peke yake. "Nous eûmes" na "vous eûtes" nazo zina kofia, lakini ni passé simple ya kawaida, hazina subjonctif ndani.

Na kuna "après que". Kisarufi maneno haya hayataki subjonctif, kwa sababu baada ya jambo kutokea, limetokea. "Avant que" (kabla) ndiyo inayoitaka. Lakini Wafaransa wengi leo husema "après qu'il ait payé" kwa kuiga "avant que", na wanaotaka kuonekana wasomi huandika "après qu'il eût payé" wakidhani kofia inaongeza heshima. Utaiona mpaka kwenye magazeti makubwa. Ukiikuta, itafsiri kama haina kofia: alipokwisha kulipa. Mwandishi wa hukumu yako aliijua kazi yake, hakuiweka.

Tuje kwenye maana, na hapa naomba utulie, maana ndipo fedha na nyumba za watu zinapopotea. "Eût payé" peke yake haikwambii kama fedha ilitoka mfukoni. Umbo ni lilelile kwa aliyelipa, asiyelipa, na anayebishaniwa. Jibu liko upande wa kushoto wa kitenzi, kwenye neno linalofungua kishazi.

Likiwa "bien que", "quoique" au "encore que", jambo lilitokea. Subjonctif imekuja kwa sababu neno hilo huilazimisha, basi. Haikuja kutia shaka. Sentensi (a) ni "ingawa mpangaji alikuwa amelipa awamu mbili za kwanza, mwenye nyumba alibadilisha kitasa". Malipo yale ni ukweli uliokubaliwa na mahakama. Nimeona tafsiri za watu makini zikiweka "hata kama alilipa" mahali kama hapo, na hiyo "hata kama" inageuza ukweli uliothibitishwa kuwa dhana. Andika "ingawa", au "japokuwa", usitetereke.

Likiwa "avant que", jambo lilikuwa bado wakati ule. "Avant que l'épouse fût partie", kabla mke hajaondoka. Kiswahili hapa kimetufaa, "kabla hajaondoka" inabeba kila kitu bila kuhangaika na wakati uliopita.

Likiwa kitenzi cha kukana, kubisha au kutilia shaka, kama "nier que", "contester que", "douter que", basi jambo linabishaniwa, na wewe mfasiri huna ruhusa ya kuamua. Ndiyo (d): "Mwenye nyumba alipinga dai kwamba kitasa kilibadilishwa kabla mke wa mpangaji hajaondoka." Kilibadilishwa kabla au baada? Sentensi hii haisemi. Itabidi usome mbele mahakama iliamua nini.

Na likiwa "si" ya Kifaransa (kama), au kukiwa na ule mgeuzo wa kitenzi kutangulia mtenda kama "eût-il payé", jambo halikutokea. Sentensi (b) yote imejengwa juu ya jambo ambalo halikuwa: "Angalilipa awamu ya tatu, mkataba wa upangaji ungaliendelea wenyewe kwa mujibu wa sheria." Hakulipa, na mkataba haukuendelea. Tazama kwamba pande zote mbili, "eût payé" na "se fût poursuivi", ziko katika wakati uleule wa Kifaransa, kama Kiswahili kinavyoweka -ngali- huku na -ngali- kule. Hapa wewe una bahati kuliko mwanafunzi anayetokea Kiingereza, ambaye kila upande wa sentensi kwake una umbo lake.

Kwa nini umbo moja lifanye kazi mbili zilizo mbali hivi? Ni urithi wa Kilatini. Kilatini kilitumia subjonctif yake ya plus-que-parfait katika pande zote mbili za sharti lisilotimia, na Kifaransa cha kale kikaendelea na desturi ya kuweka subjonctif huku na huku. Baadaye ukaja mtindo tunaofundishwa leo, "s'il avait payé, il aurait gardé la maison", ukaisukuma ile ya zamani pembeni bila kuiua. Vitabu vya sarufi vya shule viliipa jina la "conditionnel passé deuxième forme", na jina hilo limewachanganya wengi wakadhani ni wakati mwingine wenye maumbo mengine. Ni maumbo yaleyale uliyoyaona juu. Unaweza pia kuzikuta mbili zimechanganywa, ya zamani upande mmoja na mpya upande wa pili. Pascal, mwanafikra wa karne ya 17, aliandika juu ya pua ya Cleopatra, "s'il eût été plus court, toute la face de la terre aurait changé": ingalikuwa fupi zaidi, sura yote ya dunia ingalibadilika. Sharti lina subjonctif, jibu lina conditionnel ya kawaida, ile ya "aurait". Kwa mfasiri hakuna tofauti ya maana, zote ni -ngali-.

Wakati mwingine hiyo "si" haipo, wala mgeuzo haupo. Utakutana na "il eût fallu prévenir le locataire", ingalipasa mpangaji aarifiwe. Hakuarifiwa. Kishazi kikuu kilichosimama peke yake na kina "eût" yenye kofia, jua ni -ngali-.

Mtego wa mwisho nauweka hapa kwa sababu hukumu zimejaa kauli ya kutendwa. "Fût partie" na "fût changée" zinafanana kwa sura, lakini si wakati mmoja. "Partir" ni kitenzi cha être, kwa hiyo "fût partie" ni plus-que-parfait, alikuwa ameondoka. "Changer" ya kubadilisha kitu ni ya avoir, kwa hiyo "la serrure fût changée" ni kutendwa katika imparfait ya subjonctif (kwamba kilibadilishwa tu), na ukitaka kusema kilikuwa kimeshabadilishwa lazima useme "eût été changée", kama ilivyo kwenye (d). Jiulize tu: kitenzi hiki kina kitu kinachotendewa? Kama kipo, "fût" pekee ni imparfait ya kutendwa, na unahitaji "eût été" ili kurudi nyuma hatua moja. Vitenzi kama "sortir" na "monter" vina ndimi mbili. "Qu'il fût sorti" ni kwamba yeye alikuwa ametoka, "qu'il eût sorti les meubles" ni kwamba alikuwa ametoa samani nje. Kwenye kesi ya nyumba hiyo si tofauti ya kupuuza.

Umeuliza kama hakuna anayeutumia. Kwenye mazungumzo, ni kweli. Hakuna Mfaransa, Mkongo wala Mrundi atakayekwambia mezani "je regrettais que vous eussiez payé"; ukiisema wewe watacheka, na si kwa ubaya. Watu husema "que vous ayez payé". Hata mitihani ya Ufaransa ilishalegeza: waraka wa wizara ya elimu wa Desemba 28, 1976 uliorodhesha mambo yasiyohesabiwa makosa, na kuandika "ait" mahali pa "eût" katika sentensi za aina hii ni mojawapo. Lakini katika maandishi rasmi na ya kifasihi nafsi ya tatu umoja bado iko hai, hasa "eût fallu", "eût été" na "fût", kwa sababu ni fupi na hazichekeshi sikio kama "eussions".

Basi mimi ningekushauri hivi. Uitambue yote, uiandike kidogo sana. Ukitafsiri kwenda Kifaransa leo, andika "bien que le locataire ait payé" na "s'il avait payé, le bail se serait poursuivi". Hakuna atakayekulaumu. Wapo walimu watakaokwambia kwamba tafsiri ya hukumu lazima ivae suti kamili, yaani ifuate upatanifu wa nyakati wa zamani mwanzo mpaka mwisho. Nawaheshimu, ila nimeona mara nyingi mfasiri akianza na "eût" vizuri, ukurasa wa tatu akaandika "eut", na hapo ameharibu zaidi ya yule aliyeandika "ait" kwa unyenyekevu.

Kuna mahali ambapo maelezo yangu hayatoshi, na ni vizuri uyajue. Nakala nyingi za zamani zilipigwa chapa bila kofia, herufi kubwa mara nyingi huandikwa EUT tu, na programu za kusoma picha za maandishi hudondosha alama hizo hovyo. Ukiona "eut" mahali ambapo neno la kushoto ni "bien que" au "si", usiisahihishe kimoyomoyo ukaendelea. Tafuta nakala ya asili kwa karani wa masjala, uione kwa macho. Na pale ambapo kulipa au kutolipa, kuondoka au kutoondoka, ndiko kunakoamua haki ya mtu, sentensi hiyo isitoke ofisini kwenu kabla mwanasheria anayesoma Kifaransa hajaipitia pamoja nawe, mkiwa na aya nzima mbele yenu. Sentensi nne nilizoziona mimi hazina kurasa zilizotangulia.

Kwa upande wa kujifunza, jedwali halitakusaidia zaidi ya hapa. Alliance française ipo hapo hapo Arusha. Omba mwalimu wa ngazi za juu akusikilize ukisoma kwa sauti kurasa mbili tatu za hukumu, ukigeuza kila "eut" na "eût" kuwa wingi. Atakusahihisha papo hapo, jambo ambalo maandishi hayawezi.

Na kwenye (b), kabla hujaifunga: "de plein droit" mwenzako anaweza kukushawishi uandike "kwa haki kamili". Maana yake kisheria ni kwamba jambo linatokea lenyewe kwa nguvu ya sheria, bila mtu kuliomba. Mkataba ungaliendelea wenyewe, kama angalilipa.